Waya Mahali pa Klipu

Leonsi hajawahi kunipigia simu kwa jambo analoweza kulisema kwa mdomo. Duka lake la sabuni na mafuta ya kula liko Makanyagio, si mbali na gereji yangu, na akiwa na neno hufunga mlango kwa kamba akaja taratibu, kichwa amekigeuza kidogo ili jicho la kulia, lile linaloona, litangulie. Asubuhi ile alinikuta nimelala chini ya lori. Akasubiri nitoke, akasubiri nifute mikono, ndipo akasema Fundi Ramadhani amefariki Majimoto na amezikwa jana alasiri. Nilimuuliza kilichompata, akasema presha, ndivyo wanavyosema. Akaongeza kwamba yeye haendi, wala asitafutwe kwa mchango, lakini mimi inanipasa kwenda. "Nenda wewe, Mama Fundi," alisema. "Wewe alikufundisha kazi. Mimi aliniachia hili." Akagusa shavu la kushoto, pale ngozi ilipokunjamana tangu kwenye kope hadi shingoni, akaondoka. Mafundi wangu walinipa pole, wakanimiminia chai. Nikaiacha ikapoa. Nilirudi chini ya lori nikalala chali, spana kifuani, nikitazama tumbo la injini bila kugusa kitu, kwa sababu pale chini hakuna aliyeweza kuuona uso wangu.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule niliotimiza miaka ishirini na mitatu. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, lami tuliisikia redioni tu, na lori lililotoka Majimoto na mpunga lilifika mjini limekuwa jekundu kama tofali. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha injini za dizeli, msichana pekee wa darasa lile. Mzee Shilinde, tajiri mmoja mwenye malori matatu na yadi karibu na stesheni ya reli, hakutaka kunichukua. Alisema msichana ataolewa kesho, na spana zitabaki zikimwangalia. Aliyenitetea ni fundi wake mkuu, Ramadhani, Mkonongo mrefu mwembamba ambaye wakati huo alikuwa na miaka hamsini hivi. Alimwambia tajiri anijaribu, na nikishindwa tutaondoka wote wawili. Wakati ule niliyasikia maneno hayo kama mzaha wa mtu mzima anayetaka kumaliza mabishano. Leo ninajua Ramadhani hakuwa mtu wa mizaha. Alikuwa anasema kitu kama kilivyo, kisha ananyamaza, na wewe ndiye unayebaki kukipima.

Alinipa na chumba. Nyumba yake ilikuwa Makanyagio vilevile, ya tofali za kuchoma zisizopigwa lipu, na uani kulikuwa na chumba kimoja kilichokuwa stoo ya karanga. Harufu ya maganda haikuisha hata baada ya kufagia mara tano. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika kwenye bati, uliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, kwa hiyo kila kilichopikwa na kilichosemwa, na kila kikohozi, upande wa pili kilifika kwangu. Mke wake, Mama Zaituni, alinilisha kama mmoja wa wanawe wanne. Mchana alitupelekea yadi ugali na migebuka iliyokaangwa ikakauka vizuri, au kisamvu chenye karanga za kutwanga, na alinikaripia nikibakiza. Ramadhani alinawa kwa sukari na sabuni ya unga ili grisi itoke, akisugua kila kidole peke yake kama anayehesabu, akala kimya, kisha akaanza kuzungumza injini. Nimekula mezani kwa watu wengi wenye uwezo tangu hapo. Sijawahi kula mahali nikasikilizwa kama nilivyosikilizwa kwenye mkeka ule, na mafuta ya gari bado yamo kwenye kucha zangu.

Mafundi wengine wawili wa yadi walinipa jina, Mpa Spana. Hawakuwa wakatili, ni mazoea tu. Wakinituma nilete spana namba kumi na tisa, niliileta, lakini nilikaa pale pale nikataka nifunge mwenyewe. Jina lile liliniuma kuliko joto na kuliko mgongo. Nilikuwa tayari kubeba gia boksi kwa meno ili lisitamkwe. Baada ya miezi kadhaa Ramadhani aliacha kukagua kazi zangu. Siku moja nilipomwita aje aangalie breki nilizofunga, alisema bila kuinua kichwa, "Kazi yako siirudii tena, Skola. Ukisema imekwisha, imekwisha." Usiku wote niliyarudia maneno yale kichwani. Nilikuwa sijapata sifa kubwa kuliko hiyo, na kwa kweli sijaipata nyingine mpaka leo.

Tatizo kubwa la malori yetu lilikuwa maji. Madereva walijaza rejeta kwa maji yoyote waliyoyakuta njiani, ya kisima, ya dimbwi, ya mto Katuma yaliyokorogwa na viboko. Ndani ya injini maji hayo yalikula chuma, yakatoa kutu, na kutu na matope yakaziba rejeta na kutafuna pampu. Tulibadilisha pampu za maji kama watu wanavyobadilisha kandambili. Chuoni nilikuwa nimeona filta ya maji, kopo linalofanana na filta ya oili, unalofunga pembeni ya injini, maji kidogo yakawa yanapita humo muda wote na kuacha uchafu wake. Nilimweleza Ramadhani tukiwa tunakula. Akasema oili ina filta, dizeli ina filta, hata hewa ina filta, kwa nini maji yaonewe. Alimshawishi tajiri kwa majuma mawili, mpaka boksi likaagizwa, likaja na basi kutoka Mbeya. Ndani mlikuwa na kichwa cha filta cha aluminiamu, koki mbili ndogo, mpira wa maji wa kutosha, filta mbili, na klipu mbili zenye utepe wa raba ndani za kuushikilia mpira usichezecheze. Mzee Shilinde aliuliza nani atafunga. Ramadhani akasema ni mimi. Tajiri akacheka, akasema haya, tutaona.

Tuliifunga siku ya Jumapili, kwa kuwa lori la Leonsi, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa yadi yetu, lilikuwa limepumzika na mafundi wenzetu hawakuja. Nilikwenda misa ya kwanza, nikabadilisha nguo, nikamkuta Ramadhani amekwisha fungua koki ya chini ya rejeta, maji yanatoka rangi ya chai ya maziwa. Aliniachia, akaenda upande wa pili wa yadi kushona kitambaa cha kiti cha lori jingine. Nilisuuza injini kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Nilitafuta mahali pa kufunga kichwa cha filta kwenye fremu, mbali na ekzosi, mahali mkono utafika bila kuhangaika siku ya kuibadilisha. Nilitoboa, nikafunga bolti. Mpira mmoja niliuchukua kutoka kwenye silinda hedi, maji yanakotoka na nguvu, na mwingine niliurudisha upande ambao pampu inavuta. Kila upande koki yake, ili filta ibadilishwe bila kumwaga maji yote. Nilipaka oili kwenye raba ya filta kwa kidole, nikaikaza kwa mkono, robo tatu ya mzunguko baada ya kugusa, kama kitabu kilivyosema. Bado ninaikumbuka furaha ile na siwezi kuikana. Mikono yangu ilikuwa inajua inachofanya, na hapakuwa na mtu wa kuniambia lete hiki, mpishe yule.

Zikabaki klipu. Ya kwanza ilikaa vizuri. Ya pili ilikuwa na kazi kubwa zaidi, kuushika mpira wa kurudi pale unapopita karibu na bano la alteneta, usilale juu ya chuma. Niliikaza. Ingetosha pale, lakini niliongeza kidogo, na kidogo tena, kwa sababu nilitaka kazi yangu isemwe imekaza. Ikavunjika kwenye mkunjo, sauti ndogo tu kama mtu aliyevunja njiti ya kiberiti. Nikamwangalia Ramadhani, alikuwa amenipa mgongo, sindano mdomoni. Dukani mjini klipu kama ile isingepatikana Jumapili, labda hata Jumatatu, na Leonsi alikuwa aondoke asubuhi. Kulikuwa na njia nyingi za kulimaliza jambo lile. Ningeweza kukata raba ya tairi na kutengeneza klipu kwa bati. Ningeweza kufunga koki zote mbili na kuutoa mpira mpaka klipu ipatikane. Njia ya kwanza kabisa ilikuwa kusema. Mimi nilichukua waya laini wa kufungia, nikauzungusha mara tatu, nikausokota kwa koleo, na klipu iliyovunjika nikaitumbukiza kwenye kopo la bolti chakavu. Nilijiambia nitabadilisha akirudi. Kisha Ramadhani akauliza kutoka kule alikokuwa kama klipu zote mbili nimefunga.

"Zote mbili," nilisema.

Tukajaza maji na dawa ya rejeta, tukawasha, tukatoa hewa. Aliweka kiganja juu ya filta, akasubiri ipate joto, ishara kwamba maji yanapita, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuinama kutazama nyuma ya alteneta. Alishasema harudii kazi yangu, na alikuwa mtu wa neno lake.

Lori lilikwenda Majimoto, likarudi salama. Leonsi alikwenda kwake kulala, sisi tukatoa filta ya kwanza tukaipasua kwa msumeno mbele ya tajiri. Ndani mlikuwa na tope jekundu zito kama uji wa ulezi. Mafundi wenzangu walipiga mluzi. Mzee Shilinde alichovya kidole, akakitazama, akauliza tena nani alifunga. Nikasema ni mimi, mimi peke yangu, na nikalirudia neno peke yangu. Tajiri akacheka kama kawaida, akasema Ramadhani ananipenda sana mpaka ananigawia sifa zake. Niliumia, na katika kuumia kule nikasahau, au nikajifanya nimesahau, nilichokiona muda mfupi kabla, nilipoinama kufunga filta mpya. Waya ulikuwa umelegea kidogo, na mpira pale unapogusa bano ulikuwa umeanza kung'aa. Kila fundi anajua mpira unaong'aa unasema nini. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini watu walikuwa wamenizunguka, ilikuwa saa yangu ya kusifiwa, na kuchukua koleo wakati ule kungekuwa kueleza. Nimeisamehe ile Jumapili zaidi ya mara moja, kwa sababu mtu hubabaika. Siku ile ya pili sijaweza kuisamehe. Sikubabaika hata kidogo. Niliona, nikainuka, nikatabasamu.

Safari ya tatu haikurudi. Wakati ule mtandao wa simu ulishika mjini tu, kwa hiyo habari zilikuja na dereva wa lori jingine. Leonsi alikuwa anarudi na mpunga, ndani ya hifadhi ya wanyama, kabla ya kufika Sitalike, geji ya joto ikapanda ghafla. Alisimama, akafungua boneti, akainama kutafuta mvuke unatokea wapi, na mpira uliokuwa umesagika ukapasukia usoni pake. Abiria waliokuwa juu ya magunia walimshusha kivulini, wakamfukuzia mbung'o kwa majani kwa muda wa saa mbili, mpaka gari la watalii likapita likambeba. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Jicho la kushoto halikupona, na dereva mwenye jicho moja hapewi lori.

Lori lilivutwa mpaka yadi. Silinda hedi ilikuwa imepinda, lakini hakuna aliyejali hedi. Mzee Shilinde alifika akiwa ametoka hospitali. Alipanda kwenye bampa, akatazama ndani, akashuka na kipande cha mpira mkononi, waya wangu bado umezunguka juu yake mara tatu. Tulikuwa tumesimama sisi wanne. Aliuliza ni nani aliyefunga gari la watu kwa waya wa kufungia kuku. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kwa mtu aliyezoea kufoka lilikuwa jambo la kutisha. Ndipo akanigeukia mimi, si kwa kunishuku, bali kwa sababu aliona mimi ndiye ninayeweza kuambiwa niseme ukweli, kama watu wanavyomuuliza mtoto wakubwa wakinyamaza.

"Wewe binti, ulikuwepo Jumapili ile. Nani alifunga hii?"

"Mimi nilikuwa nampa spana tu, bosi."

Maneno yale yalitoka laini, yamepangika, kama yalikuwa yananisubiri. Jina nililolichukia mwaka mzima nililivaa mwenyewe, na lilinienea. Tajiri aliamini papo hapo, maana hakuwahi kuamini kitu kingine. Hakukumbuka hata kwamba nilijisifu mbele yake. Nilimsikia Ramadhani akivuta pumzi. Nilikuwa natazama viatu vyake, kandambili za tairi, kidole gumba kimoja kikiwa na ukucha mweusi uliopigwa na nyundo. Nilisubiri aseme, na kusema kweli kuna sehemu yangu iliyomwomba aseme, ili jambo liishe na mimi nisiwe nimelisema. Tajiri akamwita kwa jina. Ramadhani alijibu, "Gari limetoka kwenye mikono yangu, bosi. Mimi ndiye wa kuulizwa." Lilikuwa jibu la kweli, na halikuwa jibu la swali aliloulizwa. Aliondoka yadi jioni ile ile na kisanduku chake cha spana. Neno lake kwamba tutaondoka wote wawili hakuna aliyelikumbuka, isipokuwa mimi na, nadhani, yeye.

Sikuhama. Hilo ni jambo jingine ambalo watu wanaweza wasilielewe. Niliendelea kulala kwenye chumba kile cha karanga majuma matatu zaidi, kwa kuwa kuhama kungeonyesha kitu. Nilikula chakula cha Mama Zaituni, sasa nikiwa mimi peke yangu ndani ya nyumba ile ninayetoka asubuhi kwenda kazini. Jioni moja, wameshakula, nilikuwa nimekaa kitandani nikichomeka uzi kwenye sindano, nikasikia upande wa pili Mama Zaituni akimuuliza mumewe. Alimuuliza imekuwaje fundi wa miaka yote hiyo afunge mpira kwa waya. Akasema sokoni wanawake wanamtazama kama aliyemtoboa Leonsi jicho kwa mkono wake mwenyewe. Akasema mikono ya mumewe ndiyo iliyowalisha na sasa ndiyo inawatia aibu. Ramadhani alijua nipo. Taa yangu ilikuwa inawaka na mwanga wake ulipita juu ya ukuta ukawaangukia. Kisha nikamsikia Ramadhani akisema, taratibu, "Nilisahau, mama. Nilitaka kubadilisha, nikasahau." Sijawahi kumsikia akisema uongo kabla ya hapo. Nilizima taa. Hilo ndilo pekee nililofanya.

Hospitali nilikwenda siku tisa. Nilimpelekea Leonsi uji wa mchele nilioupika mwenyewe, nikamlisha kwa kijiko kwa kuwa mdomo ulikuwa umevimba. Alinishukuru. Siku Ramadhani alipokuja nilikuwepo, nimekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe mkononi. Alisimama mlangoni mwa wodi na mfuko wa machungwa, akatoa salamu. Leonsi aligeuza uso wake uliofungwa bandeji, akautazama ukuta, na hakuugeuza tena mpaka nyayo za yule mzee ziliposikika zikishuka ngazi. Akaniambia nisisikitike, mimi sina kosa, mimi ni mdogo wake. Nikampa kijiko kingine cha uji.

Walihamia Majimoto mwezi uliofuata, alikokuwa na shamba la mpunga la mjomba wake. Siku ya kuondoka nilisaidia kubeba magodoro mpaka kwenye trekta. Ramadhani alinisubiri uani mpaka wengine walipokuwa nje. Hakuwa na hasira, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisema, "Skola, siku nyingine ukivunja kitu, sema kimevunjika. Klipu inanunuliwa." Alikuwa ameiona kwenye kopo la bolti, sijui siku gani, pengine kabla ya ajali, pengine baada. Nilifungua mdomo. Alingoja, nadhani alingoja muda wa kutosha kabisa, kisha akaitwa nje, akaenda. Huko Majimoto alitengeneza pawatila za kulimia na mashine za kukoboa mpunga mpaka alipokufa, na hakurudi mjini hata mara moja. Mimi, kabla ya mwaka kwisha, tajiri alinipa nafasi yake, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayezijua injini zile. Nilifunga filta kwenye malori mengine mawili. Zilifanya kazi vizuri sana.

Tangu hapo nimekuwa na gereji yangu, na wanawake wanne wamejifunza kazi kwangu. Huwa ninawaambia fundi mwema ni yule anayesema kosa lake mapema, na wao hunitazama kwa heshima. Mwaka mmoja mtangazaji wa redio alikuja kunihoji, akauliza nani alinifundisha. Nilimtaja Ramadhani kwa sifa nyingi. Alipouliza yuko wapi sasa, nilisema aliamua kurudi shambani. Nilisema aliamua. Kipindi kile kilisikika hadi Mpimbwe, kule Majimoto iliko.

Siku ya tatu baada ya Leonsi kuniletea habari, nilikwenda dukani kwake saa za mchana, wakati wateja wamepungua. Nilikaa kwenye kreti la soda na nikamwambia yote, bila kuzunguka, klipu, waya, mpira uliong'aa, jibu nililompa tajiri. Alinisikiliza akiwa anapanga miche ya sabuni. Nilipomaliza aliendelea kupanga mpaka boksi likaisha. Kisha aliniambia, "Ulinilisha uji siku tisa." Nikasema ndiyo. "Na yeye nikamgeuzia kisogo." Alikaa kwenye stuli yake, akajifuta jicho lisiloona, ambalo hutoa maji likitaka, si kwa kulia. Akasema nilikuwa na miaka yote hii ya kumwambia, tunasalimiana kila asubuhi, tunakaa benchi moja kanisani, na nimengoja mpaka mtu ambaye yeye angemwomba radhi amefunikwa udongo. Hakupandisha sauti. Akaniomba nitoke dukani kwake, na nisirudi mpaka atakaponiita. Hajaniita.

Arobaini ilipofika niliendesha pikapu mwenyewe mpaka Majimoto. Dua ilikuwa imekwisha, watu wanakula wali chini ya turubai. Mama Zaituni alikuwa jikoni, amezeeka lakini mgongo umenyooka, anapakua kwenye masinia. Nilipiga magoti nikamwamkia. Aliniitikia, akaniangalia kwa muda, akasema Leonsi alikuja juma lililopita, akakaa makaburini tangu asubuhi hadi adhuhuri, hakutaka kueleza, alisema tu kuna mtu atakuja kusema. "Kumbe ni wewe," alisema. Nikamwambia. Safari hii ilikuwa fupi zaidi na ngumu zaidi, kwa sababu aliendelea kupakua na nililazimika kuongea na mikono yake. Nilipofika mahali pa tajiri na spana, mikono ilisimama.

"Nilimtukana kwa ajili ya ule waya," alisema. "Si siku moja. Miaka."

"Nilisikia ile siku ya kwanza, mama."

"Ulisikia?"

"Nilikuwa chumbani kwangu. Nilisikia alivyokujibu."

Aliweka upawa chini. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa nimeegesha gari likiangalia barabara. Nilidhani pia, na ninaona haya kuandika hivi, kwamba atanishika mabega na kusema yamepita, kwa sababu ndivyo watu wanavyosema msibani. Hakufanya moja wala jingine. Alichukua sahani, akapakua wali, akaweka nyama, akamwaga na mchuzi, akanisogezea pamoja na maji ya kunawa.

"Kula kwanza," alisema. "Ukimaliza nitawaita wanangu wote wanne, na utawaambia wenyewe. Wamekua wakijua baba yao alimpofusha mtu."

Nikanawa. Nilikula chakula chote, maana hakuondoka mbele yangu mpaka sahani ilipokuwa nyeupe. Kisha akatandika mkeka sebuleni, akamtuma mtu nje, na wakaingia mmoja mmoja, watu wazima sasa, Zaituni akiwa wa mwisho na mwanawe mgongoni. Walikaa wakanitazama kwa adabu, wakidhani mgeni wa baba yao kutoka mjini amekuja kutoa rambirambi.